Utangulizi: Sukari Iliyofungwa Kwenye Mabua

Ugali ulio sahanini na kanga ya pamba aliyojifunga mpishi vimejengwa, kwa sehemu kubwa, kwa kitu kimoja: glukosi. Mkemia akivichanganua vyote viwili mpaka mwisho atapata sukari ile ile, isiyotofautiana hata kwa atomu moja. Ila ugali tunaula sisi, na kanga ikisahauliwa kambani anaila mbuzi. Kwa nini mbuzi aweze na sisi tushindwe? Taaluma nzima ninayokukaribisha imo katika swali hilo.

Tofauti iko kwenye kiungo. Katika wanga wa mahindi, glukosi moja hushikana na ya pili kwa namna inayoufanya mnyororo ujipinde na kuacha uwazi, na vimeng'enya vya mate na utumbo wetu hupenya humo bila taabu. Katika selulosi ya pamba, kila glukosi imepinduliwa ikilinganishwa na jirani yake. Mnyororo hunyooka, minyororo hulala sambamba, hushikana ubavu kwa ubavu, na hatimaye hata maji hayapati pa kuingilia. Kwa mpinduko huo mmoja chakula kimekuwa nguo, karatasi, boriti na bua la mtama.

Kazi yetu ni kuvipa vijidudu, yaani bakteria, kuvu na hamira, uwezo wa kuifungua selulosi na wenzake kwa kasi inayofaa kiwandani, kisha kuigeuza sukari inayopatikana kuwa ethanoli, malighafi ya plastiki, dawa, au kitu kingine ambacho leo kinatoka kwenye petroli. Niseme mapema ninavyoiona hali ilivyo, ili usije ukanisoma kwa matumaini yasiyo yangu: upande wa jeni umesonga mbele kuliko upande wa majani. Tunajua kuandika upya vinasaba vya hamira vizuri kuliko tunavyojua kuulisha mtambo mabua makavu yenye mchanga. Vitabu vingi vya utangulizi huanza na jeni na kuishia na jeni. Mimi nitaanza na bua.

Ukuta wa seli ya mmea umejengwa kama nyumba ya udongo. Kuna fito zilizosimama, kuna kamba zinazozifunga, na kuna udongo uliokandikwa mpaka fito zisionekane. Fito ni selulosi, ambayo katika mabua na miti mingi huwa kati ya theluthi na nusu ya uzito mkavu. Kamba ni hemiselulosi, robo hivi, iliyosukwa kwa sukari za aina mbalimbali, hasa zailosi. Udongo ni lignini, nayo si sukari kabisa: ni mtandao wa pete za kaboni usio na mpangilio wa kujirudia, mgumu, usiopenda maji, unaoufanya mti usimame wima na kumfanya mdudu akate tamaa. Anayetaka sukari lazima aibomoe nyumba, na aibomoe bila kuziunguza fito.

Kwa asili, kazi hiyo hufanywa polepole, au hufanywa na kundi. Mbuzi na ng'ombe hawana vimeng'enya vyao wenyewe vya kukata selulosi. Wanachofanya ni kufuga. Tumbo la kwanza la ng'ombe lina joto la nyuzi 39 hivi, halina oksijeni, hutiririshiwa mate mchana na usiku, na ndani yake wamejaa bakteria, protozoa na kuvu. Nyasi hurudi kinywani zikacheuliwa, zikasagwa, zikashuka tena. Vijidudu hula nyasi na kutoa asidi. Ng'ombe huishi kwa asidi hizo, na baadaye humeng'enya vijidudu vyenyewe. Hadi mwaka 1975 wataalamu waliamini kwamba kila kuvu lazima apate hewa. Mwaka huo Colin Orpin, mtafiti wa Cambridge, alionyesha kwamba vitu vidogo vinavyoogelea ndani ya tumbo la kondoo, vilivyodhaniwa kuwa protozoa, ni mbegu za kuvu wanaoishi bila oksijeni. Wakumbuke kuvu hao, maana tutawahitaji mbele.

Mchwa wa jenasi ya Macrotermes, wajenzi wa vichuguu vikubwa vya Afrika Mashariki, wao ni wakulima. Humeza vijiti na majani makavu, huyatoa yakiwa yamesagika nusunusu, huyapanga kuwa bustani ndani ya kichuguu, na humo humwotesha kuvu aitwaye Termitomyces, ambaye huwalainishia lignini na selulosi. Uyoga unaochomoza vichuguuni baada ya mvua, ule unaogombewa na kijiji kizima, ni zao la bustani hiyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kutumia vijidudu kuvunja miti ni wazo geni la maabara za Ulaya hajala uyoga wetu.

Binadamu naye ana uzoefu, ingawa ni wa wanga. Mpishi wa mbege kule Kilimanjaro huchemsha ndizi, huziacha zichachuke, kisha hutia kimea cha ulezi. Kimea huleta vimeng'enya vya kuvunja wanga, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Hatua ni mbili, kuvunja na kuchachusha, na hatua hizo ndizo mifupa ya kila mtambo utakaousoma katika taaluma hii. Kilichoongezeka ni ugumu wa ile ya kwanza.

Jaribio la mapema la kuivunja selulosi halikuhitaji kijidudu chochote. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot aliloweka vitambaa vya kitani katika asidi kali ya salfuriki akapata sukari. Njia hiyo inafanya kazi hadi leo, lakini asidi huiharibu sehemu ya sukari inayoitoa, hula vyombo, na huacha sumu zinazoidhoofisha hamira. Ufumbuzi bora ulitoka mahali pasipotarajiwa: kwenye mahema ya askari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mahema na sare za pamba za jeshi la Marekani katika visiwa vya Pasifiki ya Kusini vilikuwa vinaoza kwa kasi ya kutisha. Jeshi likakusanya maelfu ya kuvu ili kuwatambua waharibifu, na mmoja wao, aliyepatikana Visiwa vya Solomon, akapewa namba QM6a.

Nia ilikuwa kumzuia. Lakini Elwyn Reese na Mary Mandels, waliofanya kazi katika maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, waliligeuza swali: kama kuvu huyu anaweza kuila turubai, ni kitu gani anachokitema? Mwaka 1977 kuvu huyo alipewa jina la Trichoderma reesei kwa heshima ya Reese, na hata sasa aina zake zinazotumika viwandani ni vizazi vya yule QM6a mmoja. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya mwaka 1973, watafiti walivipiga vizazi hivyo kwa mionzi na kemikali, wakachagua vinavyotema zaidi, wakarudia tena na tena. Vinasaba vyake viliposomwa na kuchapishwa mwaka 2008 ilionekana ajabu: ana jeni chache za kuvunja selulosi kuliko kuvu wengi wa jamii yake. Nguvu zake ziko kwenye wingi anaoutema. Aina za viwandani zimeripotiwa kutoa zaidi ya gramu 100 za protini kwa lita moja.

Vimeng'enya vyake vikuu ni vya aina tatu. Kimoja hukata mnyororo katikati. Cha pili hushika ncha na kutembea juu ya mnyororo, kikikata sukari mbilimbili. Cha tatu huzigawa jozi hizo kuwa glukosi mojamoja. Cha tatu kikizembea, jozi hurundikana na kukiziba cha pili, na kazi yote husimama. Udhaifu huo wa Trichoderma umetibiwa mara nyingi kwa kumpa jeni kutoka kwa kuvu mwingine, Aspergillus. Kwa miaka mingi tuliridhika na maelezo hayo. Kisha mwaka 2010 Gustav Vaaje-Kolstad na wenzake wa Norway walichapisha ushahidi wa protini ndogo zinazotumia ioni ya metali na oksijeni kukwangua uso wa kitini, kile kinachojenga ganda la kaa. Punde ikathibitika kwamba ndugu zao wanafanya vivyo hivyo kwenye selulosi. Kumbe kulikuwa na aina nzima ya wakataji waliokuwa mbele ya macho yetu kwa miongo sita. Hata mkondo huu wa taaluma, uliotafitiwa kuliko mingine yote, haujafungwa.

Sasa tuje kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake utaona uhandisi wa vijidudu ukiwa kazini bila mapambo. Hamira ya mkate na pombe, Saccharomyces cerevisiae, ndiyo mtumishi wetu wa tangu zamani. Inavumilia kileo, inajulikana vizuri, na ikipewa glukosi haisiti. Kikomo chake kwa hesabu za kemia ni gramu 0.51 za ethanoli kwa gramu moja ya glukosi, na wapishi wazuri hukikaribia. Ila zailosi haijui. Zailosi ni sukari ya pili kwa wingi katika mimea ya nchi kavu, kwa hiyo kiwanda kinachotumia hamira ya kawaida humwaga sehemu kubwa ya mali yake.

Kuanzia miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Nancy Ho wa Chuo Kikuu cha Purdue, waliipa hamira jeni kutoka kwa ndugu yake mwitu, Pichia stipitis. Jeni hizo hugeuza zailosi kwa hatua mbili, zikipitia zailitoli. Hamira ikaanza kula, lakini mahesabu ya ndani ya seli yalikataa: hatua ya kwanza ilichukua elektroni kutoka kwenye akiba moja, ya pili ikazirudisha kwenye akiba nyingine. Zailitoli ikamwagika nje bila kugeuka kileo. Kulikuwa na njia ya mkato inayojulikana, kimeng'enya kimoja cha bakteria kinachofanya kazi hiyo kwa hatua moja bila kugusa akiba hizo. Majaribio ya kukihamishia ndani ya hamira yalileta mavuno duni mno.

Jibu lilitoka kwenye kinyesi cha tembo. Kuvu aitwaye Piromyces E2, aliyetengwa kutoka kwenye kinyesi cha tembo wa Kihindi, ni wa kundi lile lile la kuvu wa Orpin wanaoishi bila oksijeni. Mwaka 2003 watafiti wa Delft, Uholanzi, walionyesha kwamba kimeng'enya chake kinafanya kazi barabara ndani ya hamira. Hata hivyo hamira hiyo mpya ilikua kwa mwendo wa kobe. Walichofanya ni kuinyima chakula kingine chochote na kuiacha izaane kizazi baada ya kizazi kwenye zailosi tupu, wakichukua kila mara zile zilizokua haraka, kisha wakarudi na kurekebisha jeni nyingine chache. Kuingiza jeni ni saini ya mkataba. Kuifanya seli nzima iukubali mkataba huo ndiyo kazi, na kazi hiyo mara nyingi njaa huifanya vizuri kuliko mhandisi.

Lonnie Ingram wa Chuo Kikuu cha Florida alilikabili tatizo kutoka upande wa pili. Bakteria Escherichia coli tayari hula karibu sukari zote za mmea. Asichojua ni kutengeneza ethanoli nyingi. Akampa jeni mbili za Zymomonas mobilis, bakteria anayejulikana kwenye vileo vya utomvu kama tembo la mnazi na pulque ya Mexico. Kazi hiyo ilipata hataza ya Marekani namba 5,000,000 mwaka 1991. Wapo pia wanaotaka kuziunganisha hatua zote ndani ya kiumbe mmoja anayevunja na kuchachusha bila kuongezewa vimeng'enya. Lee Lynd wa Dartmouth ndiye mtetezi wao mkuu, na kipenzi chao ni Clostridium thermocellum, bakteria wa nyuzi 60 ambaye hupanga wakataji wake wengi kwenye ubao mmoja wa protini, katika muundo uitwao selulosomu. Ni wazo zuri. Bado halijalisha kiwanda.

Na viwanda? Hapa mwanafunzi anapaswa kukaa chini. Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 2007 iliweka lengo la galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi ifikapo 2022. Fedha zikamiminika. Mwaka 2014 Abengoa ilifungua kiwanda Hugoton, Kansas, na POET-DSM ikafungua cha Emmetsburg, Iowa. Mwaka 2015 DuPont ikafungua chake mjini Nevada, Iowa, chenye uwezo wa galoni milioni 30 kwa mwaka. Abengoa ilifilisika. DuPont ilitangaza kujitoa mwaka 2017. Emmetsburg ilisimamisha uzalishaji mwaka 2019. Lengo la 2022 halikukaribiwa hata kwa mbali.

Si kwamba vijidudu viligoma. Bei ya mafuta ilishuka, na mabua yalikuwa makaidi kuliko ilivyotarajiwa. Marobota ya mabua hukusanywa kwa wiki chache baada ya mavuno na lazima yahifadhiwe mwaka mzima. Hushika moto, huoza, huja na mchanga unaokwangua vyuma, na yakisagwa huziba mifereji. Kabla ya vimeng'enya kufanya lolote, bua lazima lipikwe kwa mvuke, asidi au amonia, na upishi huo huzaa furfurali na asidi ya asetiki zinazoilemaza hamira. Vimeng'enya hupenda nyuzi 50, hamira hupenda 30 na kitu. Kila tatizo lina dawa, na kila dawa ina gharama.

Kilichotokea baadaye Nevada kinanifurahisha kwa namna ya pekee. Kampuni ya Kijerumani ya VERBIO ilikinunua kiwanda cha DuPont mwaka 2018 na kukigeuza kitengeneze methani kutokana na mabua yale yale ya mahindi, kwa kutumia makundi ya bakteria wa kawaida wanaoishi bila oksijeni, ndugu wa wale walio tumboni mwa ng'ombe. Wenye jeni mpya wakaondoka, wa asili wakaingia.

Huko Brazili mambo yalikwenda tofauti. Raízen ilijenga kiwanda chake cha ethanoli ya selulosi Piracicaba, kando ya kiwanda chake cha sukari, ambako bagasi, yaani makapi ya miwa, imekwisha kusagwa, kuoshwa na kurundikwa kwa ajili ya kukamua sukari. Kiwanda hicho kilidumu wakati vya Marekani vikizimwa. Mimi sioni siri kubwa zaidi ya hiyo: malighafi ilikuwa imeshalipiwa nauli.

Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, hilo ni jambo la kulishika. Malighafi yetu iliyokwisha kulipiwa nauli ipo. Jani bichi la mkonge hutoa nyuzi takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, kama tope na maji machungu yanayoelekea mtoni. Kampuni ya mkonge ya Katani, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilijenga huko Hale mkoani Tanga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Amelia Kivaisi, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi bakteria, pamoja na wale wa tumbo la ng'ombe, wanavyoweza kuharakisha uvunjaji wa mabaki kama bagasi. Viwanda vya sukari navyo vina bagasi, na vya kahawa vina maganda. Lakini tahadhari na neno "taka". Mkulima wa Kilimanjaro anayepanda mlima na mzigo wa mabua kutoka tambarare hajabeba taka. Amebeba chakula cha ng'ombe aliyefungiwa bandani, ambaye samadi yake ndiyo mbolea ya mgomba. Ukimnyang'anya mabua hayo kwa ajili ya ethanoli umemwibia mara tatu.

Wala isiwe ethanoli peke yake. Mafuta ya gari ni bidhaa ya bei ya chini inayoshindana na petroli, na sukari yenye thamani hiyo ndogo haiwezi kubeba gharama zote nilizozitaja. Asidi ya laktiki ya kutengenezea plastiki, zailitoli ya kutia utamu, vimeng'enya vyenyewe vya sabuni na nguo, hizi zina bei inayoruhusu kiwanda kidogo kupumua. Lignini, ambayo kwa kawaida huchomwa kupata mvuke, inaanza kupata soko jingine: Pseudomonas putida amehandisiwa agawanye pete zake na kutoa asidi ya mukoniki, ambayo ni hatua moja tu kutoka kwenye malighafi ya nailoni. Huko ndiko ningempeleka mwanafunzi hodari leo.

Suruali ya jinzi uliyoivaa inaweza kukuonyesha upande wa mwisho wa taaluma hii, ule wa mali. Mtindo wa jinzi zilizopauka ulifanywa kwa mawe ya volkano, hadi vimeng'enya vya selulosi vilipoonekana kufanya kazi hiyo kwa upole zaidi. Mojawapo ya vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni ya Genencor kilitokana na vijidudu vilivyochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenye maziwa ya magadi ya Kenya. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani mgao wa faida. Mabishano kama hayo ndiyo yaliyosukuma mazungumzo ya kimataifa yaliyozaa Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka nchi yenye kijidudu iridhie, na masharti ya mgao wa faida yakubaliwe, kabla hakijaondoka. Kabla hujatia tope la ziwa au kinyesi cha tembo kwenye chupa, jifunze itifaki hiyo na sheria za usalama wa viumbe za nchi yako. Kenya ina sheria yake tangu 2009, na Tanzania ina kanuni zake za mwaka huo huo.

Sura zinazofuata zinadhani unajua kemia ya sekondari na huogopi hesabu. Nakuomba jambo moja kabla ya kufungua ile ya kwanza: tafuta kiwanda cha mkonge, cha sukari au cha kahawa kilicho karibu nawe, omba ruhusa, na uone ni tani ngapi zinatupwa kwa siku, zina maji kiasi gani, nani anazichukua, na kwa bei gani. Majibu hayo yatakuambia ni kijidudu gani cha kuhandisi, na kama kweli kinahitaji kuhandisiwa.